Kupima Utayari wa Hospitali kwa Maafa: Mwongozo kwa Kaunti za Kitui na Makueni

1. Walengwa na msingi

Mwongozo huu ni wa wasimamizi wa hospitali, wauguzi wakuu, wakuu wa maabara na wajumbe wa kamati za usalama. Msingi wake ni mmoja: hospitali ipimwe kwa maafa ambayo tayari yamelifikia eneo lake, na ipimwe kwa vitendo kabla ya kupewa alama kwenye karatasi.

2. Maafa tunayoyajua

Mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yalijaa sumukuvu. Katika Makueni, Kitui na wilaya jirani waliugua watu 317, na 125 wakafariki. Mei 2014, pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu Embu, Kitui na kaunti nyingine. Tarehe 4 Desemba 2021, basi la wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu, eneo la Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa.

Kila tukio linaidai hospitali jambo tofauti. Sumukuvu huleta mgonjwa mmoja leo na mwingine kesho, macho yao yakiwa ya manjano, tena katika vituo mbalimbali. Hutambuliwa mapema pale tu rejista zinaposomwa kwa pamoja. Methanoli huleta wengi kwa mkupuo, wakilalamika kwamba hawaoni, na kila saa inayopotea inahatarisha macho na uhai. Mafuriko huleta majeruhi, maiti za kutambuliwa, na jamaa waliojaa langoni wakitaka habari.

3. Mambo ya kupima

Mwaka 1966 Avedis Donabedian alipendekeza ubora wa tiba upimwe kwa mambo matatu: nyenzo, utendaji na matokeo. Yafuateni hivi:

(a) Nyenzo. Washeni jenereta wodi zikiwa na kazi, na muandike imechukua muda gani kushika umeme. Hesabuni damu, oksijeni, dawa za kukabili sumu na akiba ya maji. Katika nchi kavu kama yetu, tangi tupu husimamisha chumba cha upasuaji.

(b) Utendaji. Chagueni faili za wagonjwa wa dharura bila kupendelea, kisha muangalie muda kati ya kufika, kuonwa na kutibiwa.

(c) Matokeo. Kila kifo cha dharura kijadiliwe na timu nzima, kwa nia ya kutafuta chanzo wala si mtu wa kulaumiwa.

Kwa majengo na mipango, tumieni Kielelezo cha Usalama wa Hospitali cha Shirika la Afya Duniani. Alama A humaanisha hospitali inatarajiwa kuendelea kuhudumu wakati wa maafa; B, huduma muhimu zimo hatarini; C, hatua za haraka zinahitajika kulinda maisha ya wagonjwa na wafanyakazi. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka ukaguzi wa usalama angalau mara moja kila miezi 12.

4. Mafunzo ya wafanyakazi

Wafunzeni wote, wakiwemo walinzi, wasafishaji, madereva wa ambulansi na wahudumu wa mochari. Mlinzi ndiye wa kwanza kuuona umati. Asipojua njia ya ambulansi, lango huziba. Kila muuguzi na tabibu aweze kuwapanga majeruhi kwa rangi: nyekundu kwa asiyeweza kusubiri, manjano kwa anayeweza kusubiri kidogo, kijani kwa mwenye majeraha madogo, nyeusi kwa aliyefariki. Vyeti vya warsha visihesabiwe kuwa ujuzi. Mwite mhusika, mpe kisa, mtazame akitenda.

5. Zoezi la maafa

Fanyeni zoezi Septemba, kabla ya mvua za vuli, na Februari, kabla ya masika. Angalau moja lifanyike usiku au mwishoni mwa wiki, wakati zamu ina watu wachache. Badilisheni kisa: mara hii mafuriko, mara nyingine sumu. Washirikisheni polisi, Msalaba Mwekundu, machifu na wahamasishaji wa afya ya jamii. Mtazamaji mmoja aandike saa ya kila hatua: taarifa kupokelewa, kiongozi kushika usukani, mgonjwa wa kwanza kuonwa, jamaa kupewa habari.

6. Baada ya zoezi

Kaeni siku hiyo hiyo na muorodheshe kasoro. Kila kasoro ipewe mtu wa kuirekebisha, tarehe na bajeti. Ibara ya 43 ya Katiba inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hospitali isiyo tayari humnyima mgonjwa haki hiyo hata kama milango yake iko wazi. Kwa hiyo kasoro ikionekana katika mazoezi mawili mfululizo, ipelekwe kwa maandishi kwa bodi ya hospitali na kwa waziri wa afya wa kaunti, na alama ya hospitali isipandishwe mpaka irekebishwe.