SOMO LA WAFANYAKAZI: HATARI YA FEDHA KAZINI, NA NANI ANAYEIBEBA



Mwisho wa mwezi mfanyakazi wa kiwanda anarudi nyumbani Kinanira, kusini mwa jiji la Bujumbura, na mshahara wake. Kabla ya kulala, yeye na mke wake wamekwisha kuugawa. Kodi ya nyumba inatengwa kwanza. Maharage ya mwezi mzima yatanunuliwa kesho asubuhi, kabla bei haijapanda. Fedha ya upatu inawekwa kando, na kidogo kinafichwa kwa ajili ya ugonjwa wa ghafla. Hakuna shule iliyowafundisha hesabu hiyo. Wamefundishwa na maisha.

Kila kampuni kubwa ina ofisi inayofanya kazi ya namna hiyo. Ni ofisi ya mweka hazina. Wengi wetu hatuijui, maana haina mashine wala kelele, na watu wake ni wachache. Lakini siku tunapoambiwa, "Dola hakuna, mashine zitasimama," habari hiyo imetoka huko. Tujifunze leo kazi ya ofisi hiyo, ili tunapokaa mezani na wenye kampuni tujue la kuuliza.

1. Kazi ya mweka hazina

Mhasibu huandika fedha iliyokwisha kupita. Mweka hazina hutazama fedha ijayo. Kila siku anajiuliza maswali matatu: Je, siku ya kulipa ikifika fedha itakuwapo? Itakuwa fedha gani, faranga au dola? Na siku hiyo itakuwa na thamani gani?

Kampuni yaweza kuwa na faida katika daftari na bado ikashindwa kulipa mishahara. Bidhaa zimeuzwa, lakini wateja watalipa baada ya miezi miwili, na benki inadai leo. Kwa sababu hiyo waweka hazina wengi huandika mpango wa majuma 13 yajayo: kila juma nini kitaingia na nini kitatoka. Mambo yakiwa magumu, mpango huo husahihishwa kila juma. Huandikwa pia mpango wa pili, wa hali mbaya: kama mteja mkubwa halipi, au dola ikipanda, tutafika mwisho wa mwezi?

2. Mfano wa Mei 2023

Tuchukue jambo tuliloliona wenyewe. Baada ya machafuko ya mwaka 2015, Umoja wa Ulaya ulisimamisha mwaka 2016 misaada yake ya moja kwa moja kwa serikali ya Burundi, ukaja kuondoa kizuizi hicho mwaka 2022. Katika miaka hiyo fedha za kigeni zilikuwa haba. Mwaka 2020 Benki Kuu ilifunga maduka ya kubadilisha fedha, yakafunguliwa tena mwaka 2022. Dola ikawa na bei mbili: ya benki, na ya mtaani iliyo juu zaidi. Mwezi wa Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga. Bei rasmi ya dola moja ilitoka karibu faranga 2,100 ikapita 2,800.

Sasa tupige hesabu. Chukua kiwanda kilichoagiza rangi na dawa kutoka nje kwa dola 100,000, kikaahidi kulipa baada ya siku 90. Siku ya kuagiza, deni hilo ni faranga milioni 210. Ikiwa katika siku hizo 90 faranga imeshushwa, deni ni faranga milioni 280. Milioni 70 zimeongezeka, na hakuna mfanyakazi aliyezembea wala mashine iliyoharibika. Hiyo ndiyo hatari ya sarafu. Kama benki haina dola za kuuza, hatari ni kubwa zaidi, kwa maana kiwanda kina faranga lakini hakiwezi kulipa deni lake, na shehena ya pili haitatumwa.

3. Njia za kujikinga

Mweka hazina hawezi kuzuia dhoruba, lakini anazo njia za kujikinga.

Kwanza, akiba. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini faranga iliyofungiwa kabatini wakati bei zinapanda huoza. Kwa hiyo sehemu ya akiba hugeuzwa kuwa malighafi na vipuri ghalani, kama maharage ya Kinanira. Hata hivyo fedha iliyolala ghalani haiwezi kulipa mishahara, ndiyo maana kipimo kinahitajika.

Pili, kulinganisha. Anayepata dola akope kwa dola. Anayepata faranga akope kwa faranga. Chai ya Burundi huuzwa sana katika mnada wa Mombasa, na huko bei ni kwa dola. Mashamba ya chai yana kinga ambayo kiwanda kinachouza bidhaa zake hapa nchini hakina. Kiwanda cha namna hiyo hujikinga kwa kutafuta malighafi ya hapa hapa, inayolipwa kwa faranga.

Tatu, kufunga bei mapema. Kampuni hupatana na benki leo juu ya bei ya dola zitakazotolewa baada ya miezi mitatu. Kinga hiyo ina ada yake, na benki isiyo na dola haiwezi kutoa ahadi hiyo. Tena yaweza kuumiza. Kenya, mwezi wa Januari 2024, dola ilifika karibu shilingi 160. Mwishoni mwa Machi ilikuwa imeshuka karibu 131. Aliyenunua dola 100,000 kwa hofu mwezi wa Januari alilipa karibu shilingi milioni 3 zaidi ya aliyengoja. Mweka hazina mwema habahatishi. Hukinga sehemu, na nyingine huiacha.

Nne, kutotegemea mlango mmoja. Fedha huwekwa katika benki zaidi ya moja, na mikopo hupangwa isidaiwe yote mwezi mmoja.

Tano, kuchelewesha malipo. Njia hii haina ada ya benki. Anayecheleweshwa aweza kuwa mwuzaji wa malighafi, au mkulima aliyeleta mazao yake, au sisi.

4. Hatari haipotei, huhamishwa

Ndugu, hapa ndipo kiini cha somo. Ukiitazama kila njia tuliyoitaja, utaona kwamba hatari haikufa. Imehamia kwa mtu mwingine. Ukifunga bei mapema, benki inaibeba, nayo inalipwa ada. Mwenye kukopesha anaibeba, naye analipwa riba. Mwenye hisa anaibeba, naye hungojea gawio.

Je, mfanyakazi? Faranga inashuka. Kampuni inapandisha bei ya bidhaa ili ilipe deni lake la dola. Mshahara unabaki ule ule mwaka mzima. Sabuni, mafuta ya kula na nauli ya basi vimepanda. Tofauti inayopungua mezani kwa watoto wa Kinanira ndiyo iliyosaidia kuziba pengo la kampuni. Mfanyakazi amefanya kazi ya bima, wala hakulipwa ada.

Tuseme ukweli pia. Si kila mkubwa anayesema dola hakuna ni mwongo. Foleni za esansi na mazutu tumezipanga wenyewe katika miaka ya karibuni. Kudai fedha ambayo haimo sandukuni kwaweza kufunga kiwanda, na kiwanda kilichofungwa hakilipi mshahara mkubwa wala mdogo. Kwa hiyo tusibishe kwa kelele, tuulize kwa hesabu.

5. Mambo ya kupeleka mezani

Wajumbe wetu waulize:
(a) Katika mapato ya kampuni, dola ni kiasi gani? Katika madeni yake, dola ni kiasi gani?
(b) Malighafi iliyo ghalani inatosha siku ngapi?
(c) Kabla ya kulipa gawio kwa wenye hisa, je, mishahara ya miezi ijayo ilitengwa?
(d) Katika mashamba ya chai: faranga iliposhuka, dola za mauzo zilibadilishwa kwa bei gani, na nyongeza ya faranga ilikwenda wapi?

Kisha wadai mambo matatu yaandikwe katika mkataba wa pamoja: mshahara uangaliwe upya kila bei za sokoni zinapopita kiwango kilichokubaliwa, bila kungoja mwisho wa mwaka, wajumbe wapewe taarifa mapema kabla ya mashine kusimama kwa kukosa malighafi, na siku za kusimama zilipwe kwa kiwango kilichopatanwa, maana hazikuletwa na mfanyakazi. Hatuombi siri za biashara. Tunaomba kujua mzigo tunaobebeshwa una uzito gani.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kazi yako, ni vitu gani hununuliwa kwa dola? Viandike.
2. Mweka hazina na mama wa nyumbani hufanana wapi? Hutofautiana wapi? (Fikirini: mama wa nyumbani aweza kumhamishia nani hatari yake?)
3. Chukueni mshahara wa Aprili 2023 na bei za sokoni za mwezi huo. Linganisheni na mshahara na bei za leo. Andikeni tofauti, mkampe mjumbe wenu hesabu hiyo kabla ya mkutano ujao na wenye kampuni.