Umepigwa Kalamu, Lakini Jasho Lako Bado ni Lako

Kenya haina mfuko wa serikali wa kumlipa mtu aliyepoteza kazi. Mkazi wa Lindi, Kibera, akipigwa kalamu kule Viwandani, Nairobi, kodi ya nyumba mwisho wa mwezi itatoka kwenye kile anachomdai mwajiri. Ndiyo maana inauma kusikia mtu ameondoka mikono mitupu kwa kuwa aliambiwa, "Umevunja sheria za kampuni, huna chako hapa."

Anacho. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema aliyefutwa papo hapo alipwe kila alichostahili hadi siku hiyo: siku alizofanya kazi, ovataimu, likizo ambayo hakwenda. Kosa likiwa zito na la kweli, hupoteza malipo ya notisi. Michango yake ya hifadhi ya jamii (NSSF) haiguswi, ila athibitishe kwamba ilikuwa inapelekwa.

Kulewa kazini, kumtukana bosi, kukaidi amri halali au kutoonekana kazini bila ruhusa ni makosa ya kufutiwa kazi papo hapo. Hata hivyo, kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri akueleze kosa kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi, kisha akusikilize kabla ya kuamua. Kuzuiwa na soja getini si kusikilizwa. Mwajiri akiruka hatua hiyo, mahakama inaweza kukupa fidia ya hadi mshahara wa miezi 12, ingawa itapima pia ulivyochangia kufutwa kwako. Na kibarua aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya mwezi mmoja analindwa pia, asidanganywe.

Jihadhari na karatasi ya mwisho, ile yenye maneno, "Nimelipwa haki zangu zote, sina dai lingine." Usiitie sahihi kwa haraka ya kushika hela. Kuna kesi ambazo mahakama imeichukulia sahihi hiyo kuwa mapatano, na dai likaishia hapo.

Peleka malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3 tangu ufutwe kazi. Mahakamani una miaka 3. Kama mshahara wako haukuzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, kesi husikilizwa na hakimu. Shirika la Kituo cha Sheria limekuwa likisaidia wasio na uwezo tangu 1973. Kama ulilipwa kwa simu, usifute jumbe za M-Pesa: kwa wengi wasio na barua ya ajira, huo ndio ushahidi kwamba waliajiriwa.