Chai ya Mchaichai na Meno ya Watoto

Katika Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, maji ya visima vingi yana chumvi iitwayo floridi, ambayo ikizidi huwatia watoto madoa ya kahawia menoni, yasiyotoka kwa mswaki. Kuchemsha maji hakuiondoi. Majani ya chai nayo yana floridi yake. Kwa hiyo yafaa mtoto apewe chai ya mchaichai, kwa maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi.

Chemsha vikombe viwili vya maji hayo hata yatokote vema, vijidudu vife. Tia majani manne ya mchaichai yaliyooshwa na kukatwa, pamoja na kipande cha tangawizi. Funika dakika 10, kisha chuja. Onja kabla ya kutia sukari: harufu yake ni kama ya ndimu.