NEMBO HUSEMA NA NANI?

Kabla hujaendelea toa sarafu mfukoni. Kama huna, azima kwa jirani (na umrudishie). Sarafu mpya zilizoanza kutumika Desemba 2018 zina mnyama upande mmoja: twiga kwa shilingi moja, kifaru kwa shilingi tano, simba kwa kumi na ndovu kwa ishirini. Geuza. Upande wa pili ndiko liliko somo letu, yaani nembo ya taifa.

Kila mtu huwaona simba wawili, mikuki, ngao na neno Harambee. Lakini hebu niulize, simba hao wamesimama juu ya nini? Nilipowauliza wenzangu darasani, karibu wote walijibu "nyasi". Sivyo. Wamesimama juu ya Mlima Kenya! Huo uvimbe ulio chini ya miguu yao ndio mlima wenyewe, na hayo yanayofanana na majani ni mazao ya nchi: kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi. Kwenye sarafu yamekuwa madogo mno, kwa hivyo tazama kwa lenzi ya maabara, au utafute mchoro mkubwa. Mimi nilitafuta samaki kwa sababu natoka huku ziwani. Hayumo. Najua wataniambia kwamba hayo ni mazao ya shamba, lakini sisi tunaokula na kusomeshwa kwa samaki si pia tuna haki ya kuuliza?

Sasa njoo kwenye ngao. Katikati yupo jogoo ameshika shoka, anapiga hatua mbele. Maelezo tunayopewa ni kwamba jogoo huwika kunapokucha, basi ni mapambazuko mapya, na shoka ni bidii ya kazi. Ni kweli. Ila nilipomwonyesha nyanya yangu ile sarafu, hakungoja maelezo. Alisema, "Huyo ni wa KANU, mjukuu wangu. Huyo tulimwona kila mahali." Naye makanga mmoja hapa stendi ya Nyamasaria nilipomwuliza akacheka, "Si ni kuku tu!"

Wote watatu wako sawa kwa njia yao. KANU iliundwa mwaka 1960, alama yake ikiwa jogoo, ikaongoza nchi tangu uhuru wa 1963 hadi iliposhindwa katika uchaguzi wa Desemba 2002. Chama kilitoka Ikulu, jogoo akabaki kwenye ngao. Hata Katiba ya 2010 haikumwondoa. Kwa hiyo mimi naona kwamba nembo haifichi sana kama tunavyodhani. Inasema na yule anayejua lugha yake, na asiyeijua huona kuku.

Mfano mwingine uko barabarani. Kaa kando ya barabara kuu ya Kisumu na Nairobi uhesabu matatu za Toyota. Alama yao ya mwaka 1989 ina duaradufu tatu. Mbili za ndani zimepishana zikafanya herufi T, tena ukitazama vizuri ni kama usukani. Kampuni yenyewe husema hizo mbili ni moyo wa mnunuzi na moyo wa kampuni. Mitsubishi nayo ni almasi tatu, na jina ndilo linalosema hivyo: "mitsu" ni tatu kwa Kijapani, na "hishi" ni mmea wa majini ambao jina lake hutumika kwa umbo la almasi. (Siyo gugumaji letu, jamani.)

Lakini iliyonifurahisha kupita zote ni Subaru. Ina nyota sita, moja kubwa na tano ndogo. Kubwa ni kampuni iliyoundwa mwaka 1953, na ndogo ni kampuni tano zilizoungana kuifanya. Na neno Subaru ni jina la Kijapani la kundi la nyota ambalo Waswahili huliita Kilimia, kutokana na kulima! Ndicho kile kilimia cha methali, kikizama kwa jua huibuka kwa mvua. Tumeikariri methali tangu Darasa la Sita, na gari linatupita kila asubuhi, wala hatukujua kuwa ni kitu kimoja.

Basi chama chetu cha Kiswahili kinatafuta nembo ya jarida. Mapendekezo mengi ni kitabu na kalamu. Hayo yako kwenye shati la kila shule, mimi siyapendi. Nimechora nyota sita za Kilimia juu ya wimbi moja la ziwa, na ndani ya wimbi, kwa atakayetazama vizuri, kuna mkia wa ngege. Mwenzangu mmoja anasema ati watu watadhani tumefungua gereji. Kura itapigwa Ijumaa ya kwanza ya muhula ujao, na michoro yote imebandikwa mlangoni pa maktaba.