MORGAN WOOTTEN, MWALIMU WA HISTORIA NA WA MPIRA WA KIKAPU

Wanafunzi wenzangu, mpira wa kikapu ni mchezo uliozaliwa shuleni. Mwezi wa Desemba 1891, mwalimu aitwaye James Naismith alitakiwa awatafutie vijana wa chuo chake, mjini Springfield huko Marekani, mchezo wa kucheza ndani wakati wa baridi kali. Akatundika vikapu viwili vya matunda, kila kimoja futi 10 kutoka chini, akawapa mpira wa miguu wautupie humo. Ndiyo maana mpaka leo twasema kikapu, ingawa siku hizi ni pete ya chuma yenye wavu.

Tangu siku ile mchezo huu umepata walimu wengi mashuhuri. Katika somo hili tutayatazama maisha ya mmoja wao, Morgan Wootten. Huyu hakufundisha watu wazima wanaolipwa kwa kucheza. Alifundisha wanafunzi wa sekondari, vijana wa umri wetu, kwa muda wa misimu 46.

Wootten alizaliwa mwaka 1931 katika mji wa Durham, North Carolina. Mwaka 1951, akiwa bado kijana, alianza kuwafundisha michezo watoto yatima wa makao yao mjini Washington. Timu yake ya kwanza ilikuwa ya beisboli, nayo haikushinda hata mara moja msimu ule. Hata hivyo hakuwaacha watoto wale, na kwao ndiko alikoonja utamu wa kazi ya kulea vijana.

Mwaka 1956 alikwenda DeMatha, shule ya Kikatoliki ya wavulana katika mji wa Hyattsville, Maryland, karibu na Washington. Shule hiyo ilikuwa na umri wa miaka 10 tu. Pale alikuwa na kazi mbili: darasani alifundisha historia, na masomo yakiisha alifundisha mpira. Aliwaambia vijana wake kwamba mambo yao yafuatane hivi: Mungu, jamaa zao, masomo, ndipo mpira. Tazameni basi kwamba mwalimu wa mpira mwenyewe aliuweka mpira mahali pa nne.

Mchezo uliolitangaza jina lake ni ule wa tarehe 30 Januari, 1965. Wakati huo shule ya Power Memorial ya New York ilikuwa imeshinda michezo 71 mfululizo. Nguzo yao alikuwa Lew Alcindor, kijana mwenye kimo cha futi 7 hivi, ambaye baadaye dunia nzima ilimjua kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Mwaka uliotangulia DeMatha walikuwa wamecheza nao wakashindwa kwa pointi 3 tu, 65 kwa 62.

Wootten hakuwa na mchezaji mwenye kimo kile. Basi akafikiri kama mwalimu. Katika mazoezi aliwapa walinzi raketi za tenisi, wakaziinua juu ya vichwa vyao ili wapate urefu wa mikono ya Alcindor. Washambuliaji walilazimika kuurusha mpira juu zaidi, upite juu ya raketi kisha ushuke kikapuni. Walifanya hivyo mpaka mikono ikazoea. Siku ilipofika, mbele ya watazamaji wapatao 12,500 katika Chuo Kikuu cha Maryland, DeMatha walishinda 46 kwa 43. Alcindor alipata pointi 16 tu. Ushindi ule haukuja kwa bahati. Ulikuwa umeandaliwa mazoezini.

Vyuo vikuu vilimtaka akafundishe huko, lakini yeye alibaki na vijana wake. Mwaka 1996 aliugua sana, akabadilishiwa ini, kisha akarudi kufundisha. Mwaka 2000 aliingizwa katika jumba la heshima la mpira wa kikapu, lenye jina la Naismith, kule kule Springfield. Alistaafu mwaka 2002, akafariki Januari 2020.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Timu zake zilishinda michezo 1,274 na kushindwa 192. Jumla ni michezo 1,466. Yaani katika kila michezo 100 alishinda kama 87. Alipostaafu, hakuna mwalimu wa sekondari nchini Marekani aliyekuwa na ushindi mwingi kama wake, ingawa mwaka uliofuata Robert Hughes wa Texas alimpita.

Lakini hesabu iliyonigusa ni nyingine. Kwa muda wa miaka 30 hivi mfululizo, kila mchezaji wake aliyefika mwaka wa mwisho alipata ahadi ya kulipiwa masomo ya chuo kikuu. Si wale mashujaa watano wa kuanza mchezo tu, bali hata yule wa akiba aliyekaa benchi jioni nzima na taulo begani. Rekodi ya ushindi yaweza kupitwa, nayo ilipitwa. Lakini kijana aliyekwisha kusoma, nani atamnyang'anya elimu yake?

Jambo hili latuhusu sisi tunaolala mabwenini. Kila mwaka Kidato cha Nne huzuka ubishi ule ule. Wengine husema, mtihani umekaribia, acheni viwanja. Wengine hucheza mpaka jua kuchwa, kisha wakasinzia katika maandalio ya jioni. Maisha ya Wootten yaonyesha kwamba pande zote mbili zimekosa njia. Kiwanja si adui wa darasa, maadamu kila kimoja kimewekwa mahali pake.

Kwa hiyo naomba tujipime kwa kipimo chake. Timu yetu ikirudi na kikombe, tushangilie, ni haki yetu. Lakini matokeo ya mtihani yatakapobandikwa ubaoni, tuyatafute pia majina ya wachezaji wetu wote, pamoja na wale wa akiba. Yakiwa mahali pema, hapo ndipo tutakapojua kama timu yetu ilishinda kweli.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne