Flashi Ufukweni: Vidokezo vya Kupiga Picha za Watu Makunduchi

1. Jua likae nyuma ya mtu. Makunduchi, kijiji cha Unguja, inatazama mashariki. Ukitaka bahari nyuma yake, amka mapema. Saa moja asubuhi jua bado liko chini. Jioni linatua upande wa minazi, basi mtu aelekee baharini nawe usimame majini. Jua litachora ukingo wa buibui au kofia. Uso ulio kivulini ndio kazi ya flashi.

2. Usimpige mtu flashi tupu. Mtazame kijana aliyetoka kupigana kwa migomba siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya hapa Makunduchi: paji linatiririka jasho, vumbi limeganda mashavuni. Flashi tupu hugeuza kila tone la jasho kuwa doa jeupe, na weusi mzuri wa ngozi unapotea. Ivishe softiboksi ya sentimita 60, isogeze hadi mita moja kutoka usoni. Sasa mwanga unalizunguka shavu na jasho linameremeta taratibu. Taa ikiwa kubwa na karibu, mwanga huwa laini. Ukiirudisha mita mbili, mwanga unaomfikia unabaki robo tu, na vivuli vinakuwa vikali.

3. Heshimu kusi. Mwaka Kogwa huangukia Julai, na Julai upepo wa kusi unavuma kwelikweli. Mwavuli wa studio hugeuka tanga. Chukua softiboksi ndogo, ning'iniza kwenye stendi mfuko uliojaa mchanga. Ukimpata mtu wa kukushikia taa, ni bora kuliko stendi yoyote.

4. Tumia mchanga. Ule mweupe hurudisha mwanga juu na kupunguza kivuli chini ya macho. Mwanga huo ukizidi na kumulika kidevu, tandika kanga nyeusi miguuni pa mtu.

5. Shata 1/200. Kamera nyingi zikipita hapo, au 1/250, hutia ukanda mweusi kwenye picha iliyopigwa kwa flashi. Anga ikiwa nyeupe mno, bana tundu la lenzi na uongeze nguvu ya flashi.

6. Jioni, funika flashi kwa karatasi ya rangi ya chungwa, uso ufanane na jua linalotua.

7. Shikamoo kwanza, kamera baadaye. Bibi aliyevaa kanga mpya kwa ajili ya sikukuu aombwe ruhusa kabla taa haijafunguliwa. Akikataa, mshukuru. Akikubali, piga picha tatu, kisha mwonyeshe kioo cha kamera, naye akuambie ipi imempendeza.