Kondoo Mwekundu na Minyoo

Mvua zikizidi, minyoo nayo huzidi malishoni. Upo mnyoo unaonyonya damu tumboni mwa kondoo. Mfunue kope: ndani pakiwa peupe, damu imepungua.

Kondoo mwekundu wa Kimaasai huistahimili minyoo hiyo kuliko Dorper, yule mwenye kichwa cheusi aliyetoka Afrika Kusini. Nguvu hiyo amezaliwa nayo, na huwarithisha watoto wake. Dorper kilo atakupa, hatubishi. Lakini penye unyevu watoto wake wengi hufa. Wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wamechanganya ovyo, hata mwekundu halisi sasa ni shida kumpata.

Basi ukichagua dume la mbegu, usitazame ukubwa tu. Jike gani alivuka masika kope zake zingali nyekundu? Mwanawe dume usimchinje sikukuu. Mwache apande.